Blanketi la viraka lenye mgongo wa doti moja: mwongozo kamili

Khanga mbili za doti moja zikiunganishwa kwa upande mrefu hutoa kitambaa cha takriban sm 146 kwa 212 baada ya kufuliwa. Kipimo hicho ndicho kilichoamua ukubwa wa blanketi linaloelezwa hapa, kwa sababu kinatosha mgongo mzima wa blanketi la kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita bila kutafuta bitana nyingine. Uso ni miraba 77 ya vipande vya vitenge na khanga, safu 11 zenye miraba 7 kila moja, na kuzunguka miraba hiyo kuna ukanda wa khanga. Likimalizika lina sm 134 kwa 198. Kwa mtu mwenye saa mbili za jioni, hesabu wiki tatu, na wiki ya kwanza yote itakwisha kabla hujashona hata mshono mmoja. Si kupoteza muda. Blanketi nyingi za viraka zilizopinda au kuvimba katikati ziliharibikia kwenye kufua na kukata. Cherehani inalaumiwa bure tu.

Vitambaa

Chanzo cha kwanza ni kapu la mabaki la fundi. Mafundi wa barazani, iwe Lindi mjini, Mikindani au Masasi, hubaki na vipande ambavyo huishia kuwa matambara ya kufutia cherehani. Omba wiki za kuelekea Idi au harusi zinapokuwa nyingi. Nguo za sare hukatwa kwa wingi kutoka kitambaa kimoja, kwa hiyo unaweza kupata vipande kumi na tano vya chapa ileile badala ya kumi na tano visivyofanana, na hilo litakusaidia sana kwenye kupanga. Usichukue kipande chembamba kuliko sm 20. Mraba wetu unakatwa sm 18, na kipande chenye sm 18 kamili karibu kila mara kimekatwa upande upande.

Ukikosa mabaki, kitenge kipya chenye upana wa sm 115 hivi hutoa miraba 24 kwa yadi: sita kwa upana, minne kwa urefu. Kwenye karatasi safu ya tano inaingia, maana yadi ni sm 91 na safu tano ni sm 90, lakini kitambaa kikishafuliwa hurudi na safu hiyo hupotea. Khanga moja, yaani nusu ya doti, hutoa miraba 40 ukikata mpaka kwenye pindo.

Khanga kuukuu inafaa sana kwa uso kwa sababu imeshalainika na haitarudi tena. Ishike mbele ya dirisha mchana: pale mwanga unapopenya kama kwenye chujio, acha. Kisha vuta kitambaa kati ya vidole gumba viwili. Kikilia na nyuzi kuachana, hakitavumilia mwaka mmoja wa kufuliwa.

Jambo la pili ni kujua kama kitambaa ni pamba. Chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa koleo, ziwashe kwa kibiriti. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu. Poliesta si haramu, ila pasi ya moto huifanya ing'ae au inate, na ukiichanganya na pamba kwenye safu moja, mraba wa pamba utakubali pasi na jirani yake atakataa. Chagua moja. Kwa joto la pwani yetu, chagua pamba.

Sasa fua vyote, vipya na vikuukuu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu usiku kucha, fua kwa sabuni kidogo, suuza, anika kivulini. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kiwe kikavu. Wanga ukitoka ndipo utajua unene wake halisi. Ukiunga kitambaa kisichofuliwa na kilichofuliwa, siku ya kwanza ya kufua blanketi kile kipya kitarudi peke yake na kuvuta wenzake makunyanzi.

Kwa rangi, hasa nyekundu, nyeusi na kaniki: lowesha pembe, iweke juu ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Cheupe kikipokea rangi, fua tena na ujaribu tena. Kikiendelea kupokea baada ya mara tatu, kitambaa hicho kisikae karibu na cheupe. Chumvi na siki, ambavyo watu hupendekezana sana, usivitegemee.

Kijazo

Hapa ndipo watu wa Mtwara na Lindi wanapaswa kuyapuuza maelezo mengi ya mtandaoni, maana yaliandikwa na watu wanaolala kwenye theluji. Kijazo kinene cha poliesta kwenye nyumba ya bati karibu na bahari ni adhabu. Kwa Mtwara mjini, Lindi au Kilwa, weka shuka kuukuu la pamba, au blanketi jembamba la mtumba lililochakaa nywele. Kwa Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako usiku wa Juni na Julai una baridi ya kweli, blanketi zito zaidi linakubalika. Kipande kiwe sm 144 kwa 208, na kikiwa na tundu kitie kiraka, hakuna atakayeliona.

Pamba mbichi iliyochambuliwa inawezekana, lakini hutembea. Ili itulie, mistari ya kushonea inabidi iachane sm 5 tu, na hiyo ni kazi ya mara mbili. Sufi usiitie kabisa kwenye blanketi. Nyuzi zake zinateleza, hukimbilia pembeni na kujikusanya mabonge, hukatikakatika zikifuliwa, na hushika moto upesi. Mahali pake ni kwenye mto, tena mto wenye gamba la ndani linalobaki wakati foronya inafuliwa.

Vifaa

Cherehani ya kukanyaga inatosha, na ya mkono pia, ila ya mkono inakuachia mkono mmoja tu wa kuongoza kitambaa. Nunua sindano mbili mpya: namba 14 kwa kuunga miraba na namba 16 kwa kupita matabaka matatu. Uzi wa kawaida wa cherehani, rangi ya kijivu au maziwa, huenda na karibu kila chapa. Mkasi uwe wa nguo peke yake. Futikamba kuukuu huvutika. Ilinganishe na rula ya chuma kabla ya kuiamini, na ikitofautiana hata milimita 3 kwenye sm 100, itupe. Ongeza chaki ya fundi, pini, subana ya kukinga kidole, pasi na mkeka mpana.

Kifaa muhimu kuliko vyote ni kiolezo. Watu hukata kadibodi, na baada ya miraba 30 pembe zake zimeshaliwa na chaki na kuwa mviringo, kwa hiyo mraba wa 60 ni mdogo kuliko wa kwanza. Mwombe seremala akukatie ubao mwembamba wa plaiwudi, sm 18 kwa 18, aulainishe kwa msasa. Upime kona kwa kona: mishazari yote miwili iwe sm 25 na nusu. Ukitofautiana mmoja na mwingine, hicho si mraba.

Kukata

Piga pasi kila kitambaa kwanza. Tafuta ukingo wa kiwanda, ule usiochanika nyuzi, na uweke upande mmoja wa kiolezo sambamba nao. Kwenye kipande cha fundi kisicho na ukingo, chomoa uzi mmoja. Mfereji unaoachwa ndio mstari wako. Mraba uliokatwa hanamu huvutika kama mpira na kuharibu safu nzima.

Khanga ina tatizo lake: mara nyingi chapa imepigwa pinda kidogo kuliko ufumaji. Macho yatakuambia ufuate chapa. Fuata nyuzi, isipokuwa kwenye jina na pindo, ambako mstari ukipinda kila mtu ataona.

Chora kwa chaki upande wa nyuma, ondoa kiolezo, kata ndani ya mstari. Ukikata juu ya mstari kwa nje, unene wa chaki unaongeza milimita 1 kila upande. Usikunje kitambaa mara nne ili ukate miraba minne kwa mkupuo. Mkasi husukuma tabaka la chini na ule wa mwisho hutoka mkubwa. Matabaka mawili ndiyo mwisho.

Kata miraba 81. Minne ya ziada ni ya akiba. Kazi yake itakuja mwishoni.

Kupanga

Tandika mkeka sakafuni jioni, milango imefungwa. Kusi likivuma litakupangia upya.

Njia salama kwa mara ya kwanza ni ya dama: miraba 39 ya rangi nzito na 38 ya rangi nyepesi, ikipishana. Tatizo la vitenge ni kwamba chapa zote zinapiga kelele kwa wakati mmoja. Usiogope kuingiza miraba ya rangi moja, marekani au bafta nyeupe au hata kaniki, hata kama ni mmoja kati ya kila minne; jicho linahitaji mahali pa kukaa. Vipande vya sare vinavyofanana vitawanye, kisha simama juu ya kiti na kupiga picha kwa simu. Igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utaona mara moja kama nzito mbili zimekaa jirani, jambo ambalo rangi hulificha.

Ukiridhika, kusanya safu moja moja kuanzia kushoto, na kila fungu ulibane kwa pini yenye karatasi ya namba, 1 hadi 11. Usiache pini hizo kwa siku nyingi. Hewa ya bahari hutia pini kutu upesi, na doa la kutu kwenye bafta halitoki kwa sabuni.

Kuunga miraba

Ukingo wa mshono ni sm 1, kila mahali. Bandika utepe wa karatasi au plasta kwenye bamba la cherehani, sm 1 kulia kwa sindano, na upande wa kitambaa utembee ukiugusa. Angalia utepe, usiangalie sindano. Ukiteleza milimita 2 tu kwenye kila mshono, kila mraba unapoteza milimita 4, na kwenye safu wima ya miraba 11 blanketi limepungua kama sm 4. Ikipungua safu moja na nyingine isipungue, pembe hazitakutana tena.

Jaribu kwanza kwa mabaki. Unga miraba mitatu, piga pasi, pima wa katikati: uwe sm 16 kamili. Ukiwa 15 na nusu, sogeza utepe.

Urefu wa hatua ya sindano uwe milimita 2 na nusu. Unga miraba ya safu ya 1 yote saba, kisha ya 2, na kuendelea. Safu za namba witiri, ulalishe kingo za mishono kuelekea kulia kwa pasi. Za shufwa, kuelekea kushoto. Safu mbili zikikutana, kingo za kushoto na za kulia hupandana kama meno na kufunga zenyewe, na makutano yanakaa bila kulazimishwa. Ukizilaza zote upande mmoja, kila makutano yatakuwa na nundu ya matabaka manne upande mmoja na sindano itaikwepa.

Pasi ibonyezwe na kuinuliwa. Ukiiburuta inavuta mraba. Mwenye pasi ya mkaa aikung'ute nje kwanza na aweke kitambaa chembamba chenye unyevu kati ya pasi na kazi, kwa ajili ya cheche na majivu.

Unapounga safu kwa safu, piga pini kwenye kila makutano kwanza, halafu katikati. Mraba mmoja ukizidi jirani yake kwa milimita 2 au 3, uweke chini, upande wa meno ya cherehani. Meno huvuta tabaka la chini kidogo na kumeza tofauti. Ukizidi kwa sm nzima, fumua.

Cherehani ikianza vituko: vitanzi chini ya kitambaa maana yake uzi wa juu umelegea au haukupita kwenye vibano vyake, kwa hiyo utie upya ukiwa umeinua mguu. Vitanzi juu, kosa liko kwenye bobini. Ikiruka hatua, karibu kila mara ni sindano: butu, imepinda, au imewekwa kinyume. Na mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia huganda na kuifunga kabisa.

Ukanda wa jina

Miraba ikiisha, uso una sm 114 kwa 178 pamoja na kingo. Kata kanda mbili za sm 12 kwa 178 kwa ajili ya ubavu. Khanga haifiki urefu huo, kwa hiyo unga vipande viwili. Zishone, piga pasi, kisha kata kanda mbili za sm 12 kwa 134 kwa kichwani na miguuni. Hizi mbili zinaingia ndani ya urefu wa khanga moja, na hapo ndipo panapofaa kuweka jina la khanga likasomeka lote. Doti kuukuu ina jina lilelile mara mbili, moja la kichwani na moja la miguuni.

Pima maandishi pamoja na kisanduku chake: yasizidi sm 8 kwenda juu, kwa sababu ukanda wa sm 12 unabaki sm 10 ukishatolewa kingo. Chagua pia maneno yenyewe kwa akili. Jina lililonunuliwa kumpigia mtu kijembe si la kumfunika mgeni wa mkweo.

Kabla ya kukata kanda za ubavu, pima uso katikati yake, usipime pembeni. Pembeni huvutika. Ukikata kwa kipimo cha pembeni, ukanda utakuwa mrefu na blanketi litakuwa na mawimbi kama sketi ya marinda.

Mgongo na kulaza matabaka

Doti ya mgongo iwe nzima, si iliyochoka. Kabla ya kuziunga khanga hizo mbili, zigeuze zote ziangalie upande mmoja, ili majina yasisomeke moja wima na jingine kichwa chini. Shona sm 1, fungua kingo kwa pasi kulia na kushoto. Unahitaji angalau sm 144 kwa 208. Khanga za viwanda vingine ni fupi. Ikipungua, ongeza utepe wa marekani upande mmoja, na uufanye uonekane umekusudiwa.

Fagia sakafu ya saruji. Tandaza mgongo, sura ikitazama chini. Unyooshe mpaka makunyanzi yaishe lakini usiuvute kama ngoma. Ukivutwa, ukiachiwa unarudi na kuacha vijimfuko. Bandika kingo kwa plasta. Juu yake weka kijazo, ukilainishe kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, kisha uso, sura ikitazama juu. Kila upande wa mgongo na kijazo uzidi uso kwa sm 5, kwa sababu kushona hulifanya tabaka la juu liteleze.

Sasa piga bandi, yaani mishono mirefu ya muda ya kushikilia matabaka. Tumia uzi mweupe na sindano ndefu ya mkono, hatua za sm 6 au 7. Anza katikati kabisa, nenda juu. Rudi katikati, nenda chini. Kisha kushoto na kulia. Halafu jaza kwa mistari inayoachana sm 15. Kazi hii inachosha mgongo na watu huiruka kwa kuweka pini chache. Matokeo yake huonekana nyuma ya blanketi: mikunjo iliyoshonewa ndani, ambayo haiwezekani kuitoa bila kufumua. Kama una pini za kufunga za kutosha, za vinguo vya watoto, weka moja kila sm 12, lakini uzitoe zote ndani ya siku mbili kwa sababu ya kutu.

Mistari au mafundo

Mistari ya mshazari inayopita kona hadi kona ya miraba ndiyo rahisi kuifuata na inaficha makosa ya makutano. Mistari hiyo itaachana sm 11 hivi, umbali unaotosha shuka au blanketi kama kijazo. Ukipita upande wa pili pia utapata almasi.

Badilisha sindano iwe namba 16, refusha hatua iwe milimita 3 au 3 na nusu, na kama cherehani yako ina skrubu ya kubana mguu, ilegeze kidogo. Kunja pande mbili za blanketi kama mkeka na kuacha njia ya sm 25 katikati. Anza na mstari wa kati, kisha endelea kulia mpaka mwisho, geuza blanketi, umalize upande wa pili. Kila mstari uanzie upande uleule. Ukienda na kurudi, matabaka husokotana na utaona makunyanzi ya mshazari kati ya mistari. Uzito wa blanketi usining'inie. Weka meza au viti kushoto na nyuma ya cherehani, la sivyo uzito unavuta sindano na kuivunja.

Wasio na cherehani, au wenye ile isiyopitisha matabaka matatu, wafunge mafundo. Makutano ya ndani ya miraba ni 60. Kwenye kila moja, pitisha uzi mnene mara mbili kutoka juu kwenda chini na kurudi, milimita 4 kati ya tundu na tundu, funga fundo la kulia juu ya kushoto na kushoto juu ya kulia, bakiza sm 2. Fundo la upande mmoja mara mbili hufunguka lenyewe kwenye beseni. Njia hii haifai pamba iliyochambuliwa, wala blanketi la mtoto mchanga anayetia kila kitu mdomoni.

Utepe wa ukingo

Punguza mgongo na kijazo vilingane na uso. Mzunguko ni sm 664, na pamoja na kona na viungo unahitaji utepe wa sm 700. Kata vipande 7 vya upana wa sm 7 kutoka upana wote wa kitenge. Robo tatu ya yadi inatosha. Viunge kwa mshazari, siyo mkato wa moja kwa moja, ili unene usikusanyike mahali pamoja. Kunja utepe mara mbili kwa urefu na upige pasi: sasa una sm 3 na nusu.

Anzia katikati ya ubavu, siyo kwenye kona, na uache mkia wa sm 20 bila kushona. Kingo wazi za utepe zilingane na ukingo wa blanketi upande wa uso. Shona sm 1. Ukifika sm 1 kabla ya kona, simama, rudisha hatua tatu, kata uzi. Kunja utepe kwenda juu ili utengeneze mshazari, kisha urudishe chini ukifuata ubavu mpya, mkunjo ukilingana na ukingo uliotoka nao. Anza tena kutoka ukingoni. Watu wengi hushona mpaka mwisho wa kona, na kona hiyo haigeuki hata ukiibembeleza.

Ncha mbili zikikutana, zipime, ziunge, malizia pengo. Geuza utepe nyuma. Una sm 1 na nusu ya kufunika mshono. Shonea kwa mkono, hatua ndogo zinazokamata mgongo na kijazo tu bila kutokeza mbele. Kushonea nyuma kwa cherehani ni haraka, lakini sindano huukosa utepe kila baada ya shubiri, na utagundua siku ya kufua.

Kitanda kikubwa na mabaki

Kwa kitanda cha nne kwa sita, shona miraba 108, safu 12 za miraba 9. Pamoja na ukanda uleule unapata sm 166 kwa 214. Hapo doti moja haitoshi mgongo. Nunua yadi 5 na nusu za kitenge au marekani, kata mara mbili, unga kwa urefu, na kipande kinachobaki ubavuni ndicho utakachokata utepe.

Mabaki ya miraba ni vishikio vya sufuria: miraba miwili, katikati matabaka mawili ya taulo kuukuu la pamba. Poliesta hapa hapana, itayeyukia mkononi. Hata anayetaka kujaribu mkono kabla ya blanketi aanze na kishikio kimoja chenye utepe. Kona zake nne ni zilezile.

Kufua na kutunza

Fua kwa maji baridi, bila kulisugua kwa brashi. Usilikamue kwa kulisokota; libonyeze kwenye beseni, kisha litandaze juu ya kamba mbili zinazoachana nusu mita, kivulini. Likining'inizwa kwa pembe, maji yote hukimbilia huko na kuvuta mishono. Mei hadi Oktoba linakauka vizuri. Mvua zikishaanza, kuelekea Desemba, subiri jua la siku mbili, maana likikunjwa na unyevu wa ndani litapata ukungu, na madoa yake meusi ni ya kudumu. Lihifadhi kwenye shuka, siyo kwenye mfuko wa nailoni, na kila miezi miwili ukunje kwa mistari mingine.

Mraba mmoja utachakaa kabla ya wengine, kawaida ule wa karibu na kidevu. Usifumue. Chukua mmoja wa ile minne ya akiba, kunja sm 1 kila upande, ubandike juu ya uliochakaa na kushonea kwa mkono kuzunguka. Mpaka siku hiyo, miraba ya akiba ikae ndani ya foronya na ifuliwe kila mara pamoja na blanketi, ipauke kwa mwendo mmoja nalo.